Kompaila Ikinyamaza Haijakubali

Tuseme kipimo cha mvua cha Songea mjini kimeonyesha milimita 12.5 na cha Peramiho milimita 20. Jumla ni milimita 32.5, hesabu ambayo mtoto wa shule ya msingi haifanyi kwa kalamu. Tuseme tena kwamba kazi hiyo imepewa programu ya Fortran iliyojengwa kwa kompaila ya leo, yaani chombo kinachogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, nayo imeikabidhi kwa SDOT, kipande cha maktaba ya BLAS iliyochapishwa mwaka 1979. SDOT huchukua safu mbili za namba, huzidisha kila jozi, kisha hujumlisha. Safu ya kwanza ni mvua, ya pili ni moja na moja. Maktaba yenyewe ni tuli, faili la zamani lenye mkia wa .a, lililojengwa miaka mingi iliyopita kwa kompaila ya g77. Kompaila mpya haikulalamika. Kiunganishi, yaani programu inayofunga vipande vyote kuwa kitu kimoja, nacho hakikulalamika. Programu imeendeshwa mpaka mwisho na kutoa jibu: sifuri. Kwa mujibu wa kompyuta, Songea na Peramiho hakukunyesha.

Hakuna uchawi hapo. Kompaila ya g77 ilifuata desturi iliyotoka kwenye f2c, chombo cha kugeuza Fortran kuwa C: kipande kinachotoa namba ya biti 32 hurudisha jibu lake kikiwa kimelitanua kuwa biti 64. Kompaila ya gfortran, iliyochukua nafasi ya g77 mwaka 2005 lilipotoka toleo la 4.0 la GCC, mkusanyo wa kompaila ambao ndani yake imo, haina desturi hiyo. Ikiambiwa jibu ni la biti 32, husoma biti 32. Sasa 32.5 ikiandikwa kwa biti 64, kila chenye maana ndani yake hukaa nusu ya juu, na nusu ya chini hubaki tupu. Msomaji mpya anafungua nusu ya chini. Na kwa kuwa jibu lilianza likiwa la biti 32 kabla ya kutanuliwa, ndani ya nusu hiyo ya chini ni biti 3 tu zinazoweza kubadilika. Maana yake ni kwamba inyeshe mvua ya aina yoyote, majibu yanayoweza kutoka ni manane tu: sifuri, sifuri yenye alama ya kutoa, namba mbili ndogo kiasi cha kutoonekana, mbili kubwa kupita mvua zote za dunia, hasi 2, na 2. Hiyo ya mwisho ndiyo inayonitisha mimi. Sifuri katikati ya msimu wa mvua itamshtua mtu. Milimita 2 hazimshtui yeyote.

Nimeanza na mfano huu kwa sababu unaivunja rai ambayo imetawala mno miongoni mwa watu wanaofanya kazi na programu za kisayansi. Rai yenyewe hujitokeza kwa namna mbili zinazoonekana kupingana. Wa kwanza husema: maktaba ya Fortran ikikataa kuungana na programu mpya, basi imezeeka, itupwe, iandikwe upya kwa lugha ya vijana. Wa pili husema: tafuta swichi ya kompaila itakayoondoa ule ujumbe mwekundu, ukiipata kazi imekwisha, songa mbele. Mmoja anazika, mwingine anaziba mdomo. Lakini wote wawili wameshika imani ileile, kwamba ujumbe wa hitilafu ndio tatizo lenyewe. Hoja yangu ni kinyume chake. Ujumbe wa hitilafu ndiye shahidi pekee mwaminifu tuliye naye katika kesi hii, na tatizo ni mkataba kati ya kompaila mbili ambazo hazikuwahi kukutana: nani anaandika jina vipi, nani anapitisha nini, nani anarudisha jibu wapi. Mkataba unasomeka. Asiyeusoma, atupe maktaba au ainyamazishe kompaila, anabahatisha tu.

Msomaji wa Songea anaweza kuuliza yanamhusu nini haya. Mji wake si mji wa waandishi wa Fortran. Lakini mkoa wake wa Ruvuma umo katika mikoa inayoilisha nchi mahindi, na mahindi hayo yanategemea mvua za msimu mmoja tu, ule wa Novemba hadi Aprili. Mkoa wenye vuli na masika ukikosea msimu wa kwanza una wa pili. Mkoa wenye msimu mmoja ukikosea unasubiri mwaka. Utabiri wa hali ya hewa unaotangazwa redioni umepita katika modeli za hesabu, na WRF, modeli ya angahewa ambayo Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ni mmoja wa watumiaji wake, imeandikwa kwa Fortran kwa sehemu yake kubwa. DSSAT, inayokadiria mavuno ya mahindi kwa kufuata udongo, mbegu na mvua, ni Fortran. SWAT, inayotumiwa na watafiti wa mabonde ya mito, kuanzia mvua inayodondoka kwenye vilima kama Matogoro unakoanzia mto Ruvuma mpaka maji yanayofika chini, imetumia Fortran tangu miaka ya 1990. Sisemi kwamba kuna utabiri fulani uliowahi kuharibika kwa sababu ya maktaba iliyounganishwa vibaya. Nasema kwamba kati ya wingu na jembe kuna Fortran nyingi, nyingi yake ya zamani, na wanaoiunganisha wanafundishana tabia mbaya.

Tuutazame huo ujumbe wenyewe kwa karibu, maana wengi huufunga kabla hawajafika mstari wa tatu. Kiunganishi kinaposema hakikupata majina s_wsle, do_lio na e_wsle, hakikuambii kwamba maktaba imeoza. Kinakuambia maktaba ilizaliwa wapi. Hayo ni majina ambayo f2c na g77 waliyatumia kwa kazi ya kuandika maandishi kwenye skrini. Kikilalamikia for_write_seq_lis, maktaba hiyo ilijengwa kwa kompaila ya Intel. Kikilalamikia _gfortran_st_write, ni gfortran, na huenda kosa ni dogo tu: umefunga programu kwa amri ya gcc badala ya gfortran, ikaachwa nje maktaba ya msaada. Ni kama lafudhi. Mtu akifungua mdomo sokoni Songea, huna haja ya kusubiri akuonyeshe kitambulisho ndipo ujue kama ni Mngoni, Mmatengo wa Mbinga au Myao wa Tunduru. Maktaba nayo ina lafudhi, na amri moja ya nm inakuorodheshea kila jina lililomo na kila jina linalotafutwa.

Kisha kuna vistari vya chini, ambavyo peke yake vimewatoa watu wengi jasho bure. Kompaila nyingi za Unix huongeza kistari kimoja cha chini mwishoni mwa jina la kila subrutini, yaani kila kipande cha programu kinachoitwa kwa jina lake. Kompaila ya g77 ilikuwa na mazoea ya ziada: jina likiwa tayari na kistari ndani yake, liliongezewa viwili. Kwa hiyo subrutini iliyoitwa soma_mvua imo ndani ya maktaba kama soma_mvua__, na programu mpya inaitafuta kama soma_mvua_. Mtu wa rai ya kwanza anatangaza msiba. Ukweli ni kwamba subrutini ipo, nzima, umbali wa kistari kimoja. Gfortran inayo swichi ya -fsecond-underscore kwa ajili hiyohiyo. Hata mpangilio wa maneno kwenye amri una maana: kiunganishi hupitia maktaba tuli mara moja kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo maktaba ikitajwa kabla ya faili linaloihitaji, hurukwa. Na ule ujumbe mrefu unaotaja R_X86_64_32 na kukutaka ujenge upya kwa -fPIE au -fPIC unatokana na uamuzi wa mifumo mingi ya Linux, tangu katikati ya miaka ya 2010, kutengeneza programu zinazoweza kupakiwa popote kwenye kumbukumbu. Maktaba ya zamani iliandikwa kwa anwani zisizohama. Swichi ya -no-pie inarudisha makubaliano ya zamani. Unapunguza kinga kidogo ya usalama, na hilo ulijue, lakini hesabu haiguswi.

Angalia sasa jinsi mambo yalivyogeuka. Matatizo yote ya aya hizo mbili yanapiga kelele, na yote yana jina, sababu na dawa. Tatizo la SDOT halikutoa sauti hata kidogo. Kiunganishi hulinganisha majina tu. Hakijui kipande kinachukua namba za biti 32 au 64, hakijui jibu linarudi wapi, hakijui maandishi yamebebwa vipi. Majina yakifanana kinaridhika. Ndiyo maana mtu anayepima kazi yake kwa kutoweka kwa ujumbe amechagua kipimo kisichopima kitu. Maktaba iliyojengwa kwa namba kamili za biti 64 ikiunganishwa na programu inayotumia namba kamili za biti 32, majina hayatofautiani hata herufi moja. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi yanafichwa na daktari.

Mfano mzuri wa tabia hii ni swichi ya -fallow-argument-mismatch. GCC 10 ilipotoka mwaka 2020, gfortran iliacha kuvumilia jambo ililokuwa ikiliruhusu: subrutini moja kuitwa mara mbili ndani ya faili moja, mara hii kwa namba kamili, mara ile kwa namba ya desimali. Programu nyingi za sayansi zilikwama siku hiyohiyo. Ushauri ulioenea ni mmoja: weka swichi hiyo, makosa yatageuka kuwa maonyo, kisha zima maonyo. Siikatai swichi yenyewe. Ipo kwa sababu kuna mahali tofauti hiyo ni halali kwa nia ya mwandishi, mathalani subrutini za kutuma data kati ya kompyuta na kompyuta, ambazo hazijali kilichomo ndani ya bahasha. Ninachokataa ni kuibandika juu ya mradi mzima kama lipu juu ya ukuta wenye ufa. Swichi ileile inayoruhusu bahasha halali inaruhusu pia subrutini inayotarajia milimita kwa biti 64 kupewa milimita kwa biti 32. Soma kila mstari uliolalamikiwa, ukishajua ni bahasha, ruhusu faili hilo peke yake.

Hapa hutokea pingamizi ambalo ndilo lenye nguvu kuliko yote: mbona imefanya kazi miaka yote hii? Wanaolitoa si wavivu. Wana rekodi ya matokeo sahihi ya miaka mingi mikononi. Jibu liko kwenye kisa cha mwaka 2019. Fortran inapopitisha maandishi, hupitisha kwa siri namba ya urefu wake mwishoni mwa orodha ya vitu vilivyotajwa. Kwa miongo kadhaa, programu za C zilizoiita LAPACK, maktaba mashuhuri ya hesabu za matriki, ziliacha namba hiyo ya siri kwa sababu maandishi yenyewe yalikuwa herufi moja tu na hakuna aliyedhurika. R, lugha inayotumiwa na wanatakwimu kote duniani, ilikuwa mojawapo ya hizo. Kisha gfortran ikaboresha namna ya kuita kipande kutoka mwisho wa kipande kingine, ikaanza kutumia tena ile nafasi ya kumbukumbu ambamo urefu ulipaswa kuwamo. Programu zilizoishi kwa amani zikaanza kuanguka. Watu wa GCC walilazimika kuweka swichi ya kuwahurumia waliovunja mkataba, na R nayo ikaanza kurekebisha miito yake. Mkataba ulikuwa umevunjwa siku zote; kilichobadilika ni kwamba mtu mmoja alikuja kudai haki yake. Hata SDOT ina historia hiyo. Kwenye kompyuta za zamani za biti 32 za familia ya x86, jibu la biti 32 na la biti 64 yote yalirudi katika rejista ileile ya hesabu za desimali, kwa hiyo mchanganyiko wa g77 na gfortran ulitoa 32.5 bila shida. Ukihamia kwenye mashine ya biti 64 na mipangilio ileile, unapata sifuri. Matokeo sahihi ya jana yalitokana na umbo la mashine, si na usahihi wa muungano.

Wale wa kuandika upya nao wana haki ya kusikilizwa. Husema Fortran ni ya mwaka 1957, vijana hawaijui, Python inatosha. Ila Python wanayoitaja, inapotatua milinganyo kwa NumPy na SciPy, hushuka mpaka LAPACK, na mkataba wa SDOT unamfuata mtu huko alikokimbilia: maktaba ya Accelerate ya Apple ilibaki na desturi ya f2c, na SciPy ikalazimika kuandika vipande vya kati vya kutafsiri majibu ili yasitoke takataka. Ni kweli kwamba SciPy yenyewe imekuwa ikihamisha msimbo wake wa Fortran 77 kwenda C na Python, na sina ugomvi nao. Wanahamisha kipande kwa kipande, wakiwa na majaribio, wakilinganisha jibu jipya na la zamani. Hiyo ndiyo kusoma mkataba. Anayefuta maktaba asiyoielewa na kuandika nyingine kwa wiki mbili hajahamisha kitu. Amepoteza majaribio ya watu ya miaka 40 na kubaki na yake.

Ndivyo ilivyo hata shambani: ukiwa barabarani Mbinga ukaangalia ngoro za Wamatengo kwenye mteremko, utaona mashimo tu na utashangaa kwa nini mtu aharibu shamba hivyo. Ukisogea utaona nyasi zimelazwa kwa mraba, udongo wa katikati umechimbwa na kutupiwa juu ya nyasi, maharage yamepandwa juu ya matuta, na maji ya mvua yanatua shimoni badala ya kubeba udongo kwenda bondeni. Ukiyafukia mashimo kwa kuwa ni ya kizamani, mvua ya kwanza itakudai udongo wote. Nchi yetu iliwahi kufanya kosa la namna hiyo na mashine pia. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, moja ya sababu ikiwa ni hesabu za serikali zilizokuwa hazitoki kama ilivyoahidiwa. Sababu nyingine, ya kubana fedha za kigeni, ina utetezi wake. Lakini mashine ilihukumiwa kwa kazi ambayo watu hawakuandaliwa kuifanya nayo, na marufuku haikumfundisha karani hata mmoja hesabu zilikosewa wapi.

Wapo wanaosema suluhisho ni kujenga maktaba upya kutoka msimbo wake, na mara nyingi wako sahihi. Kama msimbo upo, ijengwe upya kwa kompaila moja na programu inayoitumia, na nusu ya makala haya haina kazi. Ila wasidhani kujenga upya kunawatoa kwenye mkataba. Waandishi wengi wa Fortran 77 walizoea kompaila zilizotunza thamani za ndani za subrutini kutoka mwito mmoja hadi mwingine, ingawa lugha haikuahidi hivyo pasipo neno SAVE. Gfortran huziweka mahali pa muda, zikafutika. Modeli ya mahindi iliyokuwa ikikumbuka unyevu wa udongo wa jana itaanza kila siku ikiwa imesahau, na kompaila haitasema neno. Dawa ni -fno-automatic, au bora zaidi, kuandika SAVE panapostahili. Tena lazima ujue unatafuta nini. Hata data zenyewe zina mkataba: gfortran za mwanzo, 4.0 na 4.1, ziliweka alama ya baiti 8 kuzunguka kila rekodi ya faili la kijozi (binary), na tangu 4.2 alama hiyo ni ya baiti 4, hivyo kumbukumbu za mvua zilizoandikwa wakati ule hazisomeki leo bila -frecord-marker=8. Kuna pia wanaofungia kompaila ya zamani na mfumo wake wote ndani ya kontena na kuendelea kuitumia humo. Hao siwalaumu. Wameukubali mkataba mzima wakaupa nyumba yake.

Limebaki pingamizi la muda. Utabiri una tarehe, mtafiti ana siku ya kuwasilisha, mkulima hawezi kusubiri mtu asome orodha ya nm. Pingamizi hili lingekuwa zito kama kusoma kungechukua wiki. Programu ya mistari isiyozidi kumi inayoita SDOT kwa 12.5 na 20, na moja na moja, inaandikwa na kuendeshwa wakati chai haijapoa. Ikitoa 32.5, mkataba wa jibu umekaa; ikitoa kingine, mtu aweke -ff2c kwenye upande unaoita na kuijaribu tena. Jaribio la pili lipitishe maandishi, la tatu namba kamili kubwa, la nne liite subrutini ileile mara mbili uone kama inakumbuka. Maktaba ambayo haina msimbo, haina maelezo, na imeshindwa majaribio hayo manne kwa kila mpangilio unaojulikana, hiyo nakubali izikwe, na jembe nitalishika mwenyewe. Miongoni mwa zinazotupwa kila mwaka, zilizopimwa hivyo kwanza ni chache mno.